Mama Mizani na Titi la Gramu Mia Sita

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wa maabara wa shule yetu anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wapo wazazi waliomwita Mama Mizani walipokuwa wanafunzi hapa, na leo watoto wao wanamwita hivyo hivyo. Sisi walimu tulianza kwa utani, tukaishia kumwandikia hivyo hata kwenye barua za ofisi. Jina lake la vyeti limo kwenye faili, na sina hakika kama mkuu wa shule mwenyewe analikumbuka.

Aliajiriwa kuosha chupa. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu tu, kumshikia nafasi mtu aliyekuwa likizo. Yule mtu hakurudi, na huyu hakuondoka. Alisoma jioni, akafanya mtihani wa ufundi sanifu akiwa na mimba ya binti yake wa pili, akafaulu, na tangu hapo hakuna tone la asidi lililotoka stoo bila yeye kujua linakwenda wapi. Jina lake lilitokana na kuchukia makadirio. Ukimwambia, "Niwekee chumvi kidogo," atakuuliza kidogo ni gramu ngapi. Mwalimu mmoja wa fizikia alikuwa na mazoea ya kunywea chai kwenye bika, zile gilasi za kupimia za maabara. Siku moja alimaliza chai, akaigeuza bika, akakuta chini imebandikwa karatasi: SUMU. Ulikuwa mzaha wa Mama Mizani. Lakini mwalimu yule alikwenda zahanati mbio, na bika zetu hazikuonja chai tena.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Darasa langu limepakana na stoo yake, ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia. Nilimfuata wiki mbili zilizopita nikamkuta anapanga mirija, nikamuuliza kipi kiandikwe na kipi kiachwe.

"Na ile habari utaiandika?" akaniuliza bila kugeuka.

"Habari ipi?"

"Mwalimu, usijifanye hujui."

Nikamwambia habari ni yake, aamue yeye. Akamaliza safu nzima ya mirija kabla ya kunijibu.

"Iandike. Ila usinifanye shujaa. Andika kwamba niliogopa. Ukisema sikuogopa, atakayekuja na shida kama yangu atadhani yeye ndiye mwenye kasoro."

Basi naandika.

Mwaka wa ishirini na moja wa utumishi wake, alipokuwa anaoga, aligusa kitu kwenye titi la kushoto, kigumu, kama punje ya dengu. Alisubiri mwezi mzima kiondoke. Hakikuondoka. Miezi miwili baadaye titi lote liliondolewa, na sisi tukaambiwa Mama Mizani amefanyiwa upasuaji mdogo. Alirudi kazini wiki ya tisa, amekonda, koti jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kulikuwa na joto la kukausha maji kwenye ndoo. Tulimwambia afungue walau kifungo kimoja, akasema ana mafua.

Kumbe alipotoka hospitali alipewa kipande cha pamba kilichofunikwa kitambaa laini, akaambiwa akitie ndani ya sidiria mpaka kidonda kipone, kisha atafute titi bandia. Alitafute wapi, hakuambiwa. Pamba ile ilikuwa nyepesi, nayo ina tabia ya kupanda. Saa moja asubuhi aliiacha mahali pake, saa nne ilikuwa imekaribia mfupa wa bega. Kwa hiyo alijitazama. Kila alipopita mbele ya kabati la vioo alipunguza mwendo, akatupa jicho, akapeleka mkono kifuani kama mtu anayetafuta kalamu. Asubuhi moja nilijikuta nahesabu bila kukusudia. Mpaka kengele ya saa sita alikuwa amejitazama mara ishirini na sita. Nilidhani ana ugonjwa wa wasiwasi, nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule najilaumu hadi leo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mkono wa kushoto haukufika mgongoni, na sidiria hufungwa mgongoni. Mabinti zake wote wawili walikuwa bweni. Mumewe ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya kwanza alimkuta mkewe ameupa mlango mgongo, anahangaika na vikulabu, machozi yanamtoka kwa hasira.

"Nifunge?" akauliza.

"Usitazame."

"Nitafungaje bila kutazama, mama?"

Akafumba macho kweli. Alipapasa dakika tano nzima, akijilaumu kwamba vidole vyake vimezoea skrubu, mpaka vikulabu viwili kati ya vitatu vikashika. Aliendelea kufanya hivyo miezi minne, macho yamefumbwa, kwa sababu hakuambiwa afumbue. Mama Mizani anasema hakuna kilichomtia hofu kama kuwaza siku atakapoyafumbua. Alikuwa amejizuia hata kwenye kioo. Kovu lake mwenyewe alilijua kwa vidole tu.

Kisha shingo ikaanza kuuma. Bega la kushoto lilikuwa linapanda, la kulia linashuka, akawa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo moja. Kliniki, muuguzi akamweleza kwamba mwili umezoea uzito pande zote mbili, sasa upande mmoja hauna kitu, ndiyo maana mgongo unavutwa.

"Ulikuwa uzito gani?" Mama Mizani akauliza.

"Kama wa hilo lililobaki."

"Na hili lililobaki ni gramu ngapi?"

Muuguzi akacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nilikuja shuleni kusahihisha madaftari. Akanikuta darasani, akasimama mlangoni muda mrefu hata nikadhani amefiwa. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba unisimamie mlango. Mtu asiingie. Na wewe usiniulize." Nikasimama. Nikasikia maji yanamiminwa, kisha kimya, kisha maji yanamwagika kwenye trei. Nikasikia analia. Nikauvunja mwiko, nikauliza, "Mama Mizani, uko salama?"

"Ingia," akasema. "Nimechoka kuwa peke yangu na hili jambo."

Beseni alilolijaza maji hadi mdomoni lilikuwa ndani ya trei kubwa. Alikuwa ameinama akatumbukiza titi la kulia, na sasa alikuwa anakusanya maji yaliyomwagika na kuyamimina kwenye silinda ya kupimia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoliona kovu, limelala kifuani kuelekea kwapani. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama silinda.

"Soma," akaniambia. "Macho yangu yana machozi."

"Mililita mia sita na arobaini."

"Soma tena, ulinganishe jicho na maji."

"Mia sita na arobaini, Mama Mizani."

Akapiga hesabu, akatoa kidogo kwa kuwa mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, akaandika kwenye kiganja: gramu mia sita. Tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Mfuko aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha pamba, umbo la tone, akaujaza mtama. Mtama peke yake haukufikia uzito huo, na risasi za ndoano za wavuvi hakuzitaka kwa kuwa anajua sumu yake. Mumewe akamletea nati za chuma, ndogo na mpya, ameziosha kwa sabuni, akamwekea mezani. Nati zikaenda chini kabisa, zimezungushiwa pamba. Mizani ikasoma mia sita kamili. Shingo ikapata nafuu ndani ya wiki tatu.

Hofu haikupata nafuu. Ilibadilisha nguo tu. Sasa aliogopa mtu akimkumbatia atasikia punje. Aliogopa kuinama. Siku moja ya joto kali alisikia harufu ya uji uliochacha, akakagua chupa zote za maabara, akafungua madirisha, akamgombeza mwanafunzi asiye na hatia, kabla ya kugundua kwamba harufu ilitoka kwake. Jasho lilikuwa limelowesha mtama. Tangu siku ile alibadilisha punje kila baada ya wiki mbili, na akawa anakuja kazini na chupa ndogo ya marashi.

Mtihani wa vitendo wa mwaka ule ndio uliomaliza siri. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango. Wasichana ishirini na wanane walikuwa kwenye meza zao. Msimamizi kutoka nje, mwanamume wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa anapita katikati. Chupa moja ikaanguka ikavunjika. Mama Mizani akainama haraka kuokota vigae, na koti siku hiyo alikuwa amelifungua kifungo cha juu kwa sababu ya joto. Sidiria yake ilikuwa ya kawaida, haina chochote cha kushikilia. Mfuko ukateleza, ukatokea shingoni, ukaanguka sakafuni kwa kishindo, mshono ukafumuka. Mtama ukamwagika. Nati zikabingirika chini ya meza, moja baada ya nyingine, na ninavyokumbuka zilibingirika saa nzima.

Hakuna kalamu iliyoandika. Msimamizi akasogea.

"Hiki ni nini?"

Mama Mizani alibaki amechuchumaa. Mkono wake ulikuwa kifuani.

"Mama, kitu kisicho kwenye orodha kikiingia chumba cha mtihani, lazima nikiandike. Hiki ni nini?"

Nilitaka kusema kitu. Lakini Mama Mizani akainuka polepole, uso umebadilika rangi, akasema kwa sauti iliyofika meza ya mwisho:

"Ni titi langu, mheshimiwa."

"Samahani?"

"Niliondolewa titi. Hilo nimelishona mimi. Gramu mia sita, mtama na nati. Kama ni lazima uandike, andika sawasawa."

Msimamizi alitazama viatu vyake. Nati moja ilikuwa imesimama mbele ya kiatu cha kulia. Akaiokota, akaigeuza, hakujua aiweke wapi, akaitia mfukoni pamoja na kalamu zake. "Endeleeni," akawaambia wasichana. "Zimebaki dakika arobaini." Aliondoka na ile nati, na hajairudisha.

Mama Mizani alifagia mtama wote kwanza, kwa sababu mtu angeteleza. Kisha alisimama dakika zote arobaini amekumbatia faili kifuani. Mtihani ulipokwisha akajifungia stoo. Nilipogonga, nilisikia anarudia maneno yale yale, "Wameniona. Wameniona." Jioni hiyo hiyo aliandika barua ya kuomba uhamisho, shule yoyote, hata ya mbali.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Msichana akicheka kwenye ukumbi, Mama Mizani alisimama ghafla, akageuka, akarudi alikotoka. Watu wawili wakinong'ona, alijua ni yeye. Mara nyingine walikuwa wakinong'ona habari za mpira. Mkuu wa shule aliisoma barua akasema ataitia sahihi mitihani miwili iliyobaki ikiisha, maana hakuna mwingine wa kuchanganya dawa. Kama ilikuwa busara au uvivu, sijui. Ndivyo alivyobaki.

Jumatano akaja mwanamke getini, amejitanda shali nzito, anamuulizia mama wa maabara. Binti yake alikuwa mmoja wa wale ishirini na wanane. Nilimpeleka mwenyewe.

"Wewe ndiye wa mtama?" akauliza kabla hata ya kukaa.

Mama Mizani akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa. "Ndimi."

"Mwanangu amenisimulia huku analia. Nilidhani analia kwa aibu. Akaniambia, mama, kumbe mtu anaweza kulisema." Akafungua shali. Upande mmoja wa gauni ulikuwa umelala. "Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu liondolewe. Sitoki ila kwenda hospitali. Kazi za watu zimejaa ndani, nashindwa hata kuzipeleka."

Nilijua Mama Mizani anapima, na safari hii hakuwa na chombo cha kupimia.

"Upande gani?" akauliza hatimaye.

"Kulia."

"Una beseni nyumbani?"

Yule mzazi alikuwa fundi wa mapazia. Alipoona mfuko uliofumuka aliugeuza mara moja tu. "Titi lako halina kosa, dada," akasema. "Sidiria ndiyo yenye kosa. Umelitupa humo kama kitunguu kwenye kikapu. Lazima liwe na mfuko wake." Akaomba mkasi. Alishonea kitambaa laini ndani ya kikombe cha sidiria, akaacha uwazi ubavuni wa kuingizia, akapandisha ukingo wa juu kidogo, akabadilisha mikanda ikawa mipana ili isikate bega. Mama Mizani akaivaa. Akainama. Akaruka, mara ya kwanza baada ya mwaka. Kisha akainama tena, na tena, anashika kifua kila mara kwa mazoea, na kila mara anakuta kila kitu mahali pake.

Muhula ulipokwisha aliomba barua yake ya uhamisho irudishwe. Upande wa nyuma aliandika vipimo vya wanawake watatu walioletwa na fundi wa mapazia. Leo daftari lao lina majina sitini na moja. Hukutana Jumamosi darasani kwangu, na ndiyo maana mabeseni ya biolojia huwa safi kuliko ya shule yoyote.

Titi la silikoni alilipata mwaka wa tatu baada ya upasuaji, kliniki, baada ya kujaribu manne. Alinieleza mambo ambayo vitabu vyangu havina. Asubuhi za baridi ni kama kuvaa samaki. Mchana linapata joto la mwili, unalisahau, na ukilisahau unashtuka kwamba umelisahau. Huoshwa kila jioni kwa sabuni laini, likakaushwa, likalazwa kwenye boksi lake lisipoteze umbo. Pini ni adui, ndiyo maana beji yake ya kazi ameitundika kwa kamba shingoni, na aliyemletea ua la kubandika kwenye sherehe moja ya shule alirudi nalo. Hata hivyo mfuko wa mtama anao bado. Anasema silikoni ni ya kazi, mtama ni wa kupumzika.

Wenzetu wanaodhani hofu iliishia hapo, hawamjui. Miaka minne iliyopita kliniki waligusa kitu upande wa kulia. Majibu yalichukua siku tisa. Tuliojua tulikuwa wawili, mumewe na mimi. Siku hizo tisa alibandika lebo mpya kwenye chupa zote za maabara, na zilipokwisha akaanza kubandika madaftari yangu. Siku ya saba alinishika mkono karibu na sinki. "Nikipoteza na hili," akasema, "nitapima kwa kutazama nini?" Sikuutoa mkono wangu. Siku ya tisa mumewe alikuja hadi mlango wa maabara na ovaroli yake ya kazi, akasema, "Ni mafuta tu, mama. Mafuta," kisha akakaa kwenye stuli ya wanafunzi, akashindwa kuinuka. Alikuwa ameshafumbua macho miaka mingi kabla ya hapo. Hilo nalo ameniruhusu niliandike.

Katika utumishi wake hakuna mwanafunzi aliyeungua na asidi hata mmoja. Mafundi wanne aliowafundisha wanaongoza maabara zao. Mrithi wake ameanza kazi mwezi uliopita, na tayari anatuuliza kidogo ni gramu ngapi.

Nilipomsomea maneno haya alisikiliza hadi mwisho, akarekebisha mililita, akasema, "Umesahau moja. Mimi nastaafu, hofu haistaafu." Uchunguzi wake wa mwaka umeangukia Jumanne, siku nne baada ya sherehe hii ya kumuaga, na safari hii hatakuwa na chupa za kubandika lebo. Anaogopa. Na sisi tunaogopa, tusidanganyane.

Mama Mizani, tunakushukuru kwa kila ulichotupimia na kwa kila ulichotufundisha kukisema kwa sauti. Tunamshukuru shemeji, na mabinti waliotugawia mama yao. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na miaka mingi ya kuamka bila kengele. Na Jumanne saa mbili asubuhi ukifika kliniki, usitafute pa kukaa peke yako. Mimi nitakuwa kwenye benchi la kwanza, fundi wa mapazia pembeni yangu, na nafasi katikati ni yako.